Kisa cha Otto Binder: mwandishi aliyebaki na kazi shujaa wake alipofutwa

Mwaka 1953 kampuni ya katuni ya Fawcett ya Marekani iliilipa National Comics, ile tunayoiita DC leo, dola 400,000 na kukubali kutomchapisha tena shujaa wake Captain Marvel bila ruhusa. Kesi ya hakimiliki kati yao ilikuwa imefunguliwa mwaka 1941. Siku ilipofungwa, Otto Binder alipoteza shamba alilolima kwa zaidi ya miaka kumi: hesabu inayotajwa sana inampa hadithi 986 kati ya 1,743 za Captain Marvel na jamaa zake. Miaka sita baadaye Binder huyohuyo alikuwa amewaandikia wasomaji wa Superman mbwa Krypto, adui Brainiac, mji wa Kandor, Bizarro, kikundi cha Legion of Super-Heroes na Supergirl. Wote hao aliwaandikia National, kampuni iliyomfuta shujaa wake mahakamani.

Aliwezaje kuvuka? Jibu la kawaida ni kwamba Binder alikuwa mwepesi wa kuandika. Alikuwa mwepesi kweli: anahesabiwa hadithi za katuni zaidi ya 4,400, mbali na hadithi zaidi ya 160 zilizotoka kwa jina la Eando Binder. Lakini New York ya miaka ile ilijaa waandishi wepesi, na soko la mashujaa lilipoporomoka baada ya vita wengi walizama nalo. Binder alivuka kwa sababu alijua kutenganisha mambo mawili. Kanuni za kila kampuni alizifuata kwa utii kamili. Chini ya kanuni hizo alihama na swali lake moja: kiumbe asiyefanana na wengine atapokewa vipi na watu? Alikuwa ameliuliza kabla hajaandika fremu, yaani kisanduku cha picha, hata moja ya katuni.

Roboti wa mwaka 1939

Binder alizaliwa Bessemer, Michigan, tarehe 26 Agosti 1911. Akiwa na kaka yake Earl alianza kuandika bunilizi za kisayansi, na hadithi yao ya kwanza ilitoka katika jarida la Amazing Stories mwaka 1932. Jina Eando lilitokana na herufi zao, E na O. Kufikia mwisho wa muongo huo Otto alikuwa akiandika peke yake, ingawa jina la wawili lilibaki.

Januari 1939 jarida hilohilo, chini ya mhariri Ray Palmer, lilichapa hadithi yake "I, Robot". Msimulizi ni roboti mwenyewe, Adam Link. Aliyemuunda, Dk. Link, anakufa kwa ajali, na watu wanaamini roboti ndiye muuaji. Wanapomsaka, Adam anaandika maelezo yake na kukusudia kujizima. Katika majarida ya wakati ule roboti alikuwa kitisho cha kupigwa risasi ukurasa wa mwisho. Binder alimpa nafsi ya kwanza, msomaji akajikuta upande wa chuma. Isaac Asimov alikiri kuwa hadithi hiyo ilimsukuma kuandika roboti wake wa kwanza. Mwaka 1950 mchapishaji wa Asimov alikiita kitabu chake kwa jina lilelile, Asimov mwenyewe akipinga.

Katika katuni Binder aliingia kupitia kaka mwingine, Jack, mchoraji aliyefanya kazi katika karakana ya Harry Chesler kabla ya kufungua yake. Karakana hizo zilitengeneza kurasa kwa mkataba: mmoja anaandika, wa pili anachora kwa penseli, wa tatu anapitisha wino, wa nne anaandika maneno ndani ya viputo. Otto alijifunza humo jambo ambalo waandishi wengi wa nathari walishindwa kulimeza, kwamba muswada wa katuni ni maelekezo kwa mafundi wengine, na sentensi nzuri isiyoweza kuchorwa haina kazi. Mwaka 1941 akaanza kuandikia Fawcett.

Ugumu wa shujaa asiyeshindwa

Captain Marvel alibuniwa na mwandishi Bill Parker na mchoraji C. C. Beck, akatoka Whiz Comics namba 2, Februari 1940. Billy Batson ni mvulana mtangazaji wa redio. Akitamka "Shazam" anageuka mtu mzima mwenye nguvu zisizo na mfano. Kwa msomaji wa miaka kumi ni raha tupu, ila mwandishi anapata tabu, maana neno likishatamkwa ugomvi unaisha kwa fremu mbili.

Njia ya mkato ni kumziba Billy mdomo kwa kitambaa. Inafaa mara mbili tatu, kisha msomaji anaanza kuuona mkono wa mwandishi. Binder aliitumia, kama wenzake wote. Hadithi zake zenye nguvu, hata hivyo, zinafuata njia nyingine: anatafuta tatizo ambalo ngumi haina pa kulishika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mr. Mind. Hadithi ya mfululizo ya sura 25, kurasa 232, ilianza Captain Marvel Adventures namba 22 mwaka 1943 na kuishia namba 46 mwaka 1945. Mwanzoni adui ni sauti tu inayoamuru majeshi ya waovu. Shujaa anavunja ngome baada ya ngome bila kumwona mwenye sauti. Ndipo inafichuka kuwa bwana huyo ni kiwavi mdogo mwenye miwani na kipaza sauti shingoni. Mtu anayeweza kuinua mlima anashindwa kukishika kiumbe kinachojificha popote. Ili mfululizo wa miaka miwili usimchoshe msomaji, kila sura ilibeba vitu vitatu: hatari mpya mahali papya, habari moja ndogo kuhusu adui mkuu, na fremu ya mwisho inayomwacha mtu njia panda. Ukiondoa cha pili, sura zinaweza kupangwa upya kwa mpangilio wowote na hakuna atakayegundua. Hilo ndilo kosa lililoua mifululizo mingi ya enzi hiyo.

Black Adam, katika Marvel Family namba 1 ya Desemba 1945, ni ufundi wa ngazi ya juu zaidi, na mimi naiweka mbele ya Mr. Mind kwa usafi wa ujenzi. Adui ana nguvu zilezile za shujaa, na amerudi duniani baada ya miaka 5,000. Captain Marvel, dada yake Mary na mwenzao kijana Captain Marvel Junior wanapigana naye, hakuna anayemweza mwenzake. Anayemaliza kazi ni mzee Dudley, ambaye hana nguvu zozote: anamtega Adam alitamke neno "Shazam". Adam anarudi kuwa mtu wa kawaida, miaka 5,000 inamwangukia kwa mara moja, anakufa. Suluhisho limetoka ndani ya kanuni ileile iliyoleta tatizo. Black Adam alitokea mara hiyo moja tu katika enzi ya Fawcett, na bado mwaka 2022 Hollywood ilimtengenezea filamu nzima.

Mary Marvel alitangulia, Captain Marvel Adventures namba 18, Desemba 1942, akichorwa na Marc Swayze. Binder hakuishia kumvisha msichana nguo za kaka yake. Mary ana orodha yake ya wafadhili sita ambao herufi zao za mwanzo zinaunda neno Shazam, Selena, Hippolyta, Ariadne, Zephyrus, Aurora na Minerva, hivyo neno ni lilelile lakini chanzo ni chake. Kitu kidogo hicho kilimpa uzito wa kubeba jarida lake mwenyewe.

Kisha Desemba 1947, Captain Marvel Adventures namba 79, akaja Mr. Tawny, chui-milia anayezungumza na kuvaa suti, anayetaka kuishi mjini kama raia. Hakuna mwovu. Watu wanamkimbia, polisi wanamfuata, na nguvu za Captain Marvel hazisaidii chochote kwa sababu huwezi kupiga ngumi hofu ya mtaa mzima. Mwishoni anapata kazi katika jumba la makumbusho. Ni Adam Link tena, mara hii kwa watoto na kwa furaha. Katika hadithi za baadaye Tawny anahangaika na mambo ya kawaida ya mtu mzima, na Beck aliyachora kwa mistari michache iliyotulia. Baada ya Fawcett kufunga, wawili hao walijaribu kumfanya Tawny katuni ya magazeti ya kila siku. Hawakupata mnunuzi.

Lipo doa ambalo uchambuzi wa haki hauwezi kuliruka. Mwandishi aliyewaombea nafasi roboti na chui-milia aliandika pia kwa miaka kadhaa hadithi zilizokuwa na Steamboat, mtumishi Mweusi aliyechorwa na kusemeshwa kwa kejeli ya kibaguzi, na katuni za wakati wa vita zilizowachora Wajapani kama wanyama. Steamboat aliondolewa mwaka 1945, baada ya kikundi cha wanafunzi wa New York kwenda kulalamika kwa wahariri wa Fawcett. Mfululizo wa Mr. Mind umejaa michoro ya aina hiyo, na chapa mpya ambayo DC iliitangaza ilifutwa kwa sababu hiyo. Binder hakuwabuni wahusika wote hao. Lakini aliwaandika, na swali lake kuu halikumfikisha alikopaswa kufika kwanza.

Kesi, na kufungwa kwa duka

National walidai Captain Marvel ni nakala ya Superman. Mahakama ya kwanza iliona kuna kunakili, ila ikawapa Fawcett ushindi kwa sababu National hawakulinda hakimiliki ya katuni zao za magazetini ipasavyo. Mwaka 1951 Jaji Learned Hand aliitengua hukumu hiyo kwenye rufaa. Fawcett wangeweza kuendelea kupigana, lakini hesabu za biashara ziliwakataza. Captain Marvel, aliyeuza nakala zaidi ya milioni 14 mwaka 1944, alikuwa ameshuka sana. Wakalipa na kuachana na mashujaa.

Binder hakusubiri siku hiyo. Tangu mwaka 1948 alikuwa tayari akiuza hadithi kwa National, huku kesi ikiendelea. Waandishi hawakuwa waajiriwa. Walilipwa kwa ukurasa, hawakuwa na mshahara, na hakuna mkataba uliowafunga kwa kampuni moja. Uhuru huo ndio uliomwokoa, na ndio uliomnyima chochote cha kushikilia.

Katikati alipitia EC, kampuni ya bunilizi za kisayansi na za kutisha. Kwa mtu aliyetoka Fawcett mazoea yalilazimika kugeuzwa, kwa sababu EC iliandika maneno yote kwenye karatasi ya mchoraji, kwa herufi za kutumia kifaa, kabla mchoraji hajagusa penseli. Picha zinabanwa na maneno. Mwandishi akizidisha maelezo, mchoraji anabaki na ukanda wa chini wa fremu. Hapo Adam Link alirudi: Weird Science-Fantasy namba 27 hadi 29, mwaka 1955, kwa michoro ya Joe Orlando. Lakini kanuni za maadili za wachapishaji za mwaka 1954 zilikuwa zimeshaibana EC, na mlango huo ukafungwa haraka.

Kwenye meza ya Weisinger

Mort Weisinger, mhariri wa majarida ya Superman, alimjua Binder tangu miaka ya 1930, alipokuwa mhariri wa bunilizi za kisayansi na kumnunulia hadithi. Alikuwa mhariri mgumu. Hakuna muswada ulioandikwa kabla ya wazo kupita mezani kwake, na mara nyingi wazo lilitoka limebadilika. Kanuni inayohusishwa naye inasema kiputo kisizidi maneno 25, fremu isizidi maneno 35, ukurasa uwe na fremu sita. Maana yake ni maneno 210 kwa ukurasa, yaani 1,680 kwa hadithi ya kurasa nane.

Supergirl, Action Comics namba 252 ya Mei 1959, ina kurasa nane. Fikiria kinachotakiwa kuingia humo: sayari ya Krypton alikotoka Superman inalipuka, mji wa Argo unabaki angani na watu wake hai, ardhi yake inageuka kriptoniti, madini yanayowadhuru watu wa Krypton, wakazi wanaifunika kwa mabamba ya risasi, vimondo vinayatoboa, baba anampakia binti yake rokoti, binti anafika duniani, anakutana na binamu yake Superman, anapewa wigi na jina la Linda Lee, anaingizwa katika nyumba ya watoto yatima huko Midvale. Mwandishi asiyezoea angeanza na Krypton na kuishiwa kurasa kabla ya Midvale. Binder anaanza na rokoti kuanguka. Superman anakimbilia kusaidia, msichana anatoka bila mchubuko, na historia yote ya Argo inasimuliwa na binti mwenyewe kwa fremu chache. Msomaji haoni kuwa anapewa maelezo, kwa sababu tayari ana swali anataka lijibiwe.

Wazo lenyewe lilikuwa limejaribiwa sokoni. Katika Superman namba 123 ya Agosti 1958 Binder aliandika hadithi ambamo Jimmy Olsen, rafiki wa Superman, kwa hirizi ya matakwa, anamtengenezea Superman mwenzi wa kike. Msichana huyo anakufa mwishoni, kwa hiyo kampuni haikuwa imejifunga kwa lolote. Ndipo akaletwa wa kudumu. Na ukimtazama Supergirl karibu utamwona Mary Marvel: ndugu wa kike aliyefichwa, nguvu sawa, maisha mawili. Kwa National, Binder alijenga upya chumba alichokuwa amekijenga Fawcett.

Wengi wamelaumu uamuzi wa Superman wa kumpeleka binamu yake yatima kwenye nyumba ya yatima badala ya kumchukua. Kama tendo la jamaa, lawama ni ya haki. Kama ujenzi wa hadithi, ni hatua sahihi. Akikaa na Superman, kila tatizo lake litatatuliwa na Superman. Akiwa Midvale, amekatazwa kujionyesha, kila wema anaoufanya lazima aufiche. Hapo hadithi za miaka kadhaa zimepatikana.

Bizarro, katika Superboy namba 68 ya Oktoba 1958, ndiye Adam Link asiyefichika. Mashine mbovu inatoa nakala ya Superboy, yaani Superman akiwa kijana, yenye sura ya kutisha, na mji unaikimbia. Msichana kipofu, Melissa, peke yake anaipenda, maana hamwoni. Bizarro anaangamia kwa mlipuko, na mlipuko huo unamrudishia Melissa macho. Mwisho huo una urahisi wa bahati kupita kiasi, kasoro ya kudumu ya Binder anapobanwa na kurasa. Kandor, katika Action Comics namba 242 ya Julai 1958, inafanya vizuri zaidi. Superman amepunguzwa kuwa mdogo ndani ya mji ulio kwenye chupa, na mashine imebaki na nguvu ya kukuza kitu kimoja tu. Anataka kuukuza mji. Mkazi wa Kandor anabonyeza kitufe cha kumkuza Superman. Kuna chaguo na kuna gharama, na hakuna anayeokolewa na ajali.

Legion of Super-Heroes, Adventure Comics namba 247 ya Aprili 1958, ilikuwa hadithi ya mara moja kuhusu vijana wa karne ya 30 wanaomjaribu Superboy. Ilirudi baada ya wasomaji kuitaka, na kufikia Desemba 1959 ilikuwa mikononi mwa mwandishi mwingine, Jerry Siegel. Kwa mujibu wa taratibu za kampuni, kilichoandikwa na Binder hakikuwa cha Binder.

Kilichokuwa chake

Weka hesabu mbili pamoja. Supergirl, Brainiac, Bizarro na Legion vilimlipa kiwango cha ukurasa, mara moja, na jina lake halikuchapwa kwenye hadithi. Adam Link, aliyemuuza kama nathari kwa jarida, alimrudia: EC mwaka 1955, tamthilia ya televisheni ya The Outer Limits mwaka 1964, jarida la Creepy na kitabu cha karatasi laini mwaka 1965. Robo karne baadaye, roboti yule bado alikuwa na wanunuzi. Tofauti haikuwa ubora wa kazi. Soko la nathari lilimwachia mwandishi mhusika wake. La katuni lilimchukua mhusika pamoja na ukurasa.

Binder alijaribu kutoka. Mwaka 1960 aliacha katuni kushughulikia Space World, jarida la safari za anga. Halikudumu mikononi mwake, likaishia kwa Ray Palmer, yuleyule aliyenunua "I, Robot". Akarudi kwenye katuni, akaandika Mighty Samson kwa kampuni ya Gold Key mwaka 1964, akaandika tena kwa Weisinger, na mwaka 1967 akatoa riwaya ya The Avengers na kitabu kuhusu visahani vya angani. Mwaka huohuo binti yake Mary aligongwa na gari akafa, akiwa na miaka 14. Mwaka 1969 Binder na mkewe Ione walihamia Chestertown, kaskazini mwa jimbo la New York, na katuni zikaishia hapo. National walipokodi haki za Captain Marvel na kumrudisha kwa jina la Shazam! mwanzoni mwa 1973, Binder alikuwa hai, lakini waandishi walikuwa wengine. Alifariki 13 Oktoba 1974. Tuzo ya Bill Finger, inayotolewa kwa waandishi wa katuni ambao hawakupewa haki yao, alipewa mwaka 2010.

Anayetaka kuuona ufundi huu mwenyewe asianze na Mr. Mind, kwa urefu wake na kwa michoro yake. Asome hadithi ya kwanza ya Tawny, kisha Bizarro wa 1958, kisha Supergirl, kwa mpangilio huo, akihesabu katika kila moja ni fremu ya ngapi mgeni anapomwogopesha mtu kwa mara ya kwanza, na ni ya ngapi mtu wa kwanza anapoacha kumwogopa.